Uzi: Kuunda modeli ya meli ya matanga ya mbao kutoka kwenye seti, kuanzia mkuku (uti wa mgongo wa meli) hadi kamba ya mwisho

Mataruma (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Naona watu wengi wanafungua seti ya modeli ya meli ya matanga kwa furaha, wanapiga picha mbao zilivyopangwa kwenye boksi, kisha kimya. Ukiwauliza baadaye unakuta meli zao zimekwama mahali palepale: mataruma (mbavu za meli) yamesimama, mbao chache zimevishwa, na omo (sehemu ya mbele) imewashinda. Nafungua uzi huu kwa ajili yao, na kwa yeyote mwenye boksi ambalo hajathubutu kuligusa. Nitakaa sana kwenye mwili wa meli kwa sababu huko ndiko kazi nyingi zinakofia. Mizinga, nanga na mapambo nitayapita, vitabu vya seti vinayaeleza vya kutosha.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili tubishane vizuri: ubao ukigoma kulala, kosa liko nyuma yake. Ama taruma halikusuguliwa sawasawa, ama upana wa ubao haukupimwa. Misumari mingi na gundi ya kumwaga haitakutoa hapo.

Kuchagua meli. Karibu kila anayeanza anaitaka HMS Victory, na simlaumu. Ni meli ya kivita ya Uingereza iliyoshushwa majini mwaka 1765, ikambeba amiri Nelson kwenye vita vya Trafalgar mwaka 1805, na hadi leo ipo Portsmouth. Lakini tazama hesabu. Sitaha yake ya mizinga ina urefu wa kama mita 57. Kwa skeli ya 1:72 (sentimita moja ya modeli ni 72 za meli) mwili peke yake unakaribia sentimita 79, na ukiongeza dasturi, ule mti unaochomoza mbele, unapita mita moja. Mizinga ni 104, na kila mmoja una kigari chake, magurudumu yake na kamba zake. Utairudia kazi hiyohiyo ndogo zaidi ya mara mia, na milingoti bado hujaigusa.

Chukua chombo cha mlingoti mmoja au miwili, kwa skeli ya 1:48 au 1:64, chenye omo isiyo ya mviringo mkali. Skeli kubwa haileti kazi ngumu, inaleta vipande vinavyoshikika. Mtu wa sentimita 170 kwenye 1:48 anakuwa na sentimita tatu na nusu. Kwenye 1:96 hafiki hata mbili. Kapi (roda ndogo za kupitishia kamba) na fundo za kamba zinapungua vivyo hivyo, ila vidole vyako vinabaki vilevile. Skeli ya 1:48 ina historia yake pia. Ni robo inchi kwa kila futi, na ndiyo iliyotumika kwa modeli nyingi za Navy Board, bodi iliyosimamia ujenzi wa meli za kivita za Uingereza, katika karne ya 17 na ya 18. Baadhi yake zimehifadhiwa National Maritime Museum, Greenwich, na kwangu mimi hakuna darasa la mkono mzuri linalozidi zile.

Vifaa. Usikimbilie kununua mashine. Kisu chenye wembe unaobadilishwa, rula ya chuma, msasa wa namba 120, 240 na 400, randa ndogo ya mkono, kibano chembamba, vibanio vingi, drili ya mkono yenye ncha za nusu milimita hadi milimita moja, na gundi nyeupe ya mbao. Barakoa iwepo tangu siku ya kwanza. Vumbi la walnati na mbao nyingine ngumu linawasha pua na macho, na utasugua kwa saa nyingi.

Mkuku. Kwenye seti nyingi mkuku wa ndani ni bamba moja la plaiwudi lenye mipasuo ya kuchomekea mataruma. Kabla ya gundi yoyote, lilaze juu ya kioo, kisha lisimamishe na ulitazame kwa jicho moja kutoka tezi (nyuma) hadi omo. Likiwa limepinda, lilowanishe kidogo, libane katikati ya mbao mbili zilizonyooka, weka uzito juu na uliache likauke kabisa. Mkuku uliopinda haunyooshwi na mbao za juu. Meli nzima inaufuata, na utakuja kuliona hilo siku unasimamisha milingoti na kukuta haikai kwenye mstari mmoja.

Vipande vilivyokatwa kwa leza vina ukingo mweusi ulioungua. Uondoe kwa msasa pale gundi itakapokaa, kwa sababu gundi inashika ule weusi badala ya kuushika mti. Usizidishe mpaka taruma likapwaya kwenye mpasuo wake. Na kila kipande kiandike namba kwa penseli kabla ya kukitoa kwenye bamba lake.

Taruma lisimame pembe mraba na mkuku, pande zote mbili. Matofali ya Lego yanafaa sana kulishikilia wakati gundi inakauka, kwa kuwa pembe zake ni za uhakika. Halafu, kule omo kati ya mataruma ya kwanza na kule tezi kati ya yale ya mwisho, jaza vipande vya mbao laini kama balsa na uvichonge vifuate umbo. Seti nyingi hazileti mbao hizo na vitabu havizitaji. Weka hata hivyo. Ubao unaopinda ghafla unahitaji mahali pa kulala, na ncha mbili nyembamba za plaiwudi hazitoshi.

Kusawazisha mataruma. Hapa ndipo ninapotaka watu wapunguze mwendo. Taruma linatoka kwenye bamba likiwa na ukingo mraba, lakini ubao unalipitia kwa mshazari. Usipolisugua, ubao utagusa kona moja tu ya ukingo. Kwa mataruma ya mbele unaondoa kona inayotazama omo. Kwa ya nyuma, inayotazama tezi. Ya katikati yanataka kusuguliwa kidogo sana.

Fanya hivi. Paka penseli ukingo wote wa taruma mpaka uwe mweusi. Gundisha msasa wa 120 kwenye kipande cha ubao mwembamba unaonepa, kirefu kiasi cha kufika mataruma matatu kwa pamoja. Sugua kwa kufuata mwelekeo wa ubao utakavyopita. Utaiona penseli inaanza kufutika kwenye kona moja, na sehemu nyeupe inatambaa kuelekea kona ya pili. Ukibaki mstari mwembamba wa penseli kwenye kona hiyo ya pili, simama. Mstari huo ukifutika umeanza kulipunguza taruma lenyewe, na umbo la meli linaondoka nalo.

Kisha chukua ubao mmoja mzima, usiougundisha, uulaze kwa vidole kutoka omo hadi tezi, uusogeze taratibu juu na chini. Mahali panapopita mwanga kati ya ubao na taruma ni bonde, panahitaji kuongezwa ukanda mwembamba wa mbao. Mahali ubao unapobenuka ni kilima, pasugue. Rudia mpaka ubao upite kila mahali kwa mkunjo mmoja mtulivu. Ukimaliza upande wa kulia, kata umbo la karatasi kwa kila taruma na uligeuzie kushoto, maana jicho linadanganya kwenye ulinganifu.

Kupima mbao. Zungusha ukanda wa karatasi kwenye taruma lililo pana kuliko yote, kutoka ukingo wa sitaha hadi mkuku. Tuseme umepata milimita 100, na mbao zako zina upana wa milimita 5. Upande mmoja unataka mbao 20. Nenda taruma la kwanza la omo, upime vivyo hivyo. Tuseme milimita 60. Mbao zilezile 20 ni lazima zipite hapo, kwa hiyo kila moja iwe na milimita 3. Nenda tezi, tuseme 115. Mbao 20 zinaziba 100, na pengo la milimita 15 litajazwa kwa vipande vyenye ncha vinavyoingizwa kati ya mbao. Sasa kila taruma, ukiondoa hilo pengo la tezi, ligawe kwa 20 na utie alama za penseli. Hizo alama ndizo ramani yako, kuliko picha yoyote ya kwenye kitabu.

Usipunguze ubao chini ya nusu ya upana wake. Wa 5 usishuke 2.5. Hesabu ikidai zaidi ya hapo, mbao mbili ziishie kwenye moja: unakata nafasi kwenye ubao mmoja na ncha ya jirani yake inaishia humo. Mafundi wa meli za kweli walifanya hivyohivyo, kwa kuwa ncha nyembamba haina nyama ya kushika msumari.

Ubao wa kwanza ufuate mstari wa sitaha. Baada ya hapo vaa kulia, vaa kushoto, kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, mvuto wa mbao unaweza kuusokota mkuku.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

---

Mshika Patasi

Mkuu Mataruma, ahsante kwa uzi huu, umekuja wakati wake. Mimi ni mmoja wa hao waliokwama. Nimevisha mbao chache kutoka juu. Sasa kule omo ukingo wa chini wa ubao unanyanyuka, haugusi taruma kabisa. Nikiubana unakaa, nikitoa kibanio unarudi. Nimeloweka usiku kucha, wapi. Je, nitumie misumari mirefu zaidi?

---

Mataruma (mtoa mada)

Mshika Patasi, nyundo iweke chini kwanza, ndugu yangu.

Ubao unakunjika kwa unene wake bila shida. Unakubali pia kusokotwa. Unachokataa ni kupinda kwa upana, yaani ukiwa umelala bapa mezani uuvute ncha yake pembeni. Ukiulazimisha, ukingo mmoja unanyanyuka, na hicho ndicho unachokiona. Msumari utaukandamiza tu, ukija kusugua utakuta umeumaliza ubao hadi tundu.

Chukua ubao mpya. Ulaze juu ya mataruma kuanzia katikati kwenda omo, bila kuuvuta popote, uuache upite unakotaka wenyewe. Utaona ukikaribia omo unapanda juu ya ubao uliotangulia. Usiushushe. Sehemu ile iliyopanda ndiyo inayotakiwa kukatwa. Pitisha penseli chini yake kwa kufuata ukingo wa ubao uliotangulia, kata kwa kisu nje kidogo ya alama, malizia kwa randa. Ukiurudisha utalala wenyewe.

Omo ikiwa ya mviringo sana hata hiyo haitoshi. Hapo kata ubao wenye mkunjo kutoka kwenye bamba pana la mbao za aina ileile. Unapoteza mbao kidogo, lakini unapata ubao usiopigana nawe.

Kuloweka usiku kucha acha. Ubao wa milimita moja au moja na nusu unatosheka kwa dakika chache za maji ya moto. Ukivimba na ukaugundisha ukiwa umevimba, ukikauka utarudi nyuma na kukuachia nyufa.

---

Demani

Salaam wote. Naongeza kwenye hilo la maji, kwa sababu watu wengi wanalikosea. Joto ndilo linalolainisha mbao, maji yanalifikisha tu ndani. Ubao uliolowekwa kwenye maji baridi siku nzima bado ni mgumu. Ulowanishe kidogo, ushike mkunjo unaoutaka kwa vibanio, kisha pitisha pasi ya moto au mashine ya kukaushia nywele. Ukipoa, umbo linabaki. Ubao ukishakauka ndipo uugundishe.

Hata ule mpindo wa upana anaousema Mataruma unawezekana kwa mbao nyembamba na mkunjo mdogo: bana ubao bapa mezani ukiwa umevutwa pembeni kidogo, upitishie pasi juu ili usinyanyuke, uuache upoe ukiwa umebanwa. Mimi hufanya hivyo kwa karibu kila ubao wa omo, na mabaki yangu ni machache.

Amonia msitie. Amonia ya nyumbani hailainishi mbao, inaiharibu rangi tu.

---

Upepo wa Joshi

Uzi mzuri, lakini gundi nyeupe inachosha. Mimi natumia gundi ya papo hapo kwa kila taruma. Tone moja, unahesabu hadi kumi, unaenda ubao unaofuata. Sijaona ubao wangu hata mmoja uliobanduka. Kwa nini tuwafanye wanaoanza wasubiri bure?

---

Demani

Kaka Upepo, ubao kubandika si tatizo. Tatizo ni siku unapotaka kuubandua. Gundi nyeupe inaachia kwa spiriti ya isopropili: unapaka, unasubiri, ubao unatoka mzima. Ya papo hapo inataka asetoni, na mara nyingi ubao unakatika kwanza. Anayejifunza atabandua mbao nyingi, na ni haki yake kubandua.

Jambo la pili ni madoa. Gundi ya papo hapo ikiingia kwenye vinyweleo vya mbao, vanishi haipenyi tena hapo. Utaliona doa siku ya mwisho, pale ulipokuwa ukingoja rangi ya walnati itoke. Gundi nyeupe nayo inazuia vanishi, ila ikiwa mbichi unaifuta kwa kitambaa chenye unyevu na yanaisha.

Kati ya taruma na ubao tumia nyeupe. Kama unataka kasi, weka nyeupe kwenye mataruma yote na tone dogo la papo hapo kwenye ncha mbili tu, lishike wakati nyeupe inakauka. Na dirisha liwe wazi, moshi wake unachoma macho.

---

Upepo wa Joshi

Hilo la ncha mbili nimelikubali, nitalijaribu. Swali langu jingine ni la shaba. Seti yangu imekuja na vibamba vidogo vya shaba vya kuvisha chini ya mstari wa maji. Je, ni lazima? Na vinaanzia wapi?

---

Mataruma (mtoa mada)

Inategemea meli yako ni ya mwaka gani, na hapa seti zenyewe wakati mwingine hupotosha. Shaba iliwekwa ili kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, na magugu na chaza wanaoganda na kupunguza mwendo. Jeshi la majini la Uingereza liliijaribu kwanza kwenye HMS Alarm mwaka 1761; Victory yenyewe ilivishwa mwaka 1780. Kwa hiyo Victory ya Trafalgar lazima iwe na shaba, lakini meli ya karne ya 17 ukiivisha shaba umeivika vazi la vitukuu vyake.

Vasa ya Uswidi, kwa mfano, ilizama Stockholm tarehe 10 Agosti 1628 kwenye safari yake ya kwanza, baada ya mwendo wa kama mita 1,300 tu. Haikuwa na shaba. Iliinuliwa mwaka 1961 ikiwa karibu nzima, kwa sababu maji ya Bahari ya Baltiki yana chumvi kidogo mno kwa wadudu hao. Cutty Sark ya mwaka 1869 nayo ilivishwa madini ya Muntz, mchanganyiko wa shaba na zinki wenye rangi ya manjano. Ukiipaka wekundu wa shaba tupu umekosea.

Kuvisha kwenyewe: anza tezi uende omo, ili kila kibamba cha mbele kilalie kidogo cha nyuma yake na maji yasipate ukingo wa kuinua. Vaa glavu nyembamba. Chumvi ya vidole inaacha alama ambazo hazionekani leo, zinaonekana shaba ikishaanza kufifia.

Na rangi, angalieni utafiti mpya kabla ya kufuata picha ya boksi. Vasa ilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa na mandhari ya buluu nyuma ya sanamu zake. Uchunguzi wa chembe za rangi ukaonyesha nyekundu. Victory ilipakwa upya mwaka 2015 baada ya tabaka zake za rangi kuchunguzwa, na ile njano kali tuliyoizoea ikawa rangi hafifu inayokaribia waridi. Seti nyingi za zamani bado zinaonyesha njano kali.

Kabla sijasahau, kwa wenye seti za tabaka mbili za mbao: tabaka la kwanza lijazwe vizuri na kusuguliwa mpaka kiganja kipite bila kugonga popote. Tabaka la pili ni jembamba mno, halifichi kitu.

---

Mshika Patasi

Mkuu, nimefanya ulivyosema. Ubao umelala! Nilikata sehemu iliyopanda, nikapitisha pasi kama dada Demani alivyoeleza, na umekaa kwa vidole tu, bila kibanio. Nimebandua na zile tatu za juu yake kwa spiriti, nazirudia.

Dada Demani, jina lako ni la kamba. Tupe basi habari za kamba, maana zinanitisha kuliko mbao.

---

Demani

Hongera sana kaka, na umefanya vyema kuzirudia hizo tatu.

Haya, kamba. Kwanza zitenganishe kichwani mwako. Kuna kamba zinazokaa, kazi yake ni kushikilia mlingoti usianguke mbele, nyuma wala pembeni. Hizo zilipakwa lami, kwa hiyo zifanye nyeusi au kahawia iliyoiva. Halafu kuna kamba zinazokimbia: jarari ya kupandisha foromali (mti wa kulala unaobeba tanga), demani ya kuvuta pembe ya tanga, na nyingine zote zinazovutwa na mabaharia kila siku. Hizo hazikupakwa lami namna hiyo, ziache rangi ya katani. Ukizingatia hilo peke yake, modeli yako inasomeka hata kwa mtu aliye mbali.

Unene. Nyuzi za kwenye seti mara nyingi ni za aina mbili au tatu tu, na nyingi ni nene mno. Kwenye majedwali ya zamani ya Waingereza, kamba ilipimwa mzingo wake, si kipenyo. Ukisoma kamba ya inchi 10, usidhani ina inchi 10 kwa upana. Gawa kwa 3.14, kisha gawa kwa skeli. Inchi 10 ni milimita 254. Kipenyo ni kama milimita 81. Kwa 1:64 unapata milimita 1.26. Kamba zinazokimbia ni nyembamba zaidi, nyingi zinaangukia chini ya nusu milimita. Tafuta uzi wa poliesta uliosokotwa vizuri, usio na manyoya. Wa pamba upitishe kwenye nta ya nyuki kwanza, kisha juu ya moto wa mshumaa haraka ili manyoya yaungue. Wa poliesta usiupitishe motoni, unayeyuka.

Chochote kinachoweza kufungwa mezani, kifunge mezani. Makapi yote ya foromali, makapi ya milingoti, vitanzi vya chini kwenye sitaha, vyote viwekwe kabla mlingoti haujasimama. Ukishasimamisha na kuzungusha kamba, mkono hauingii tena, na kapi moja lililosahaulika katikati ya sitaha linaweza kukula siku nzima.

Ukianza, anza na zinazokaa. Nenda kutoka ndani kwenda nje, kutoka chini kwenda juu. Kamba za pembeni za mlingoti huwekwa kwa jozi: jozi ya kwanza ya mbele upande wa kulia, kisha ya kushoto, kisha rudi kulia. Zinalaliana kileleni kwa mpangilio huo, na pia mlingoti hauvutwi upande mmoja. Mvuto uwe wa kunyoosha kamba tu. Ukikaza mno, kila kamba mpya inalegeza ya jana, na mwishoni mlingoti umepinda.

Ngazi za kamba, zile mabaharia walizopandia. Meli halisi ziliacha nafasi ya kama sentimita 33 hadi 38 kati ya ngazi na ngazi. Kwa 1:64 hiyo ni kati ya milimita 5 na 6. Chora mistari kwenye kadi nyeupe, uibane nyuma ya kamba, ufuate mistari. Kwenye kamba za wima za katikati funga fundo la kuzungusha mara mbili, lile linalojikaza lenyewe. Kwenye mbili za pembeni funga fundo la kawaida. Usivute. Fundo likaze bila kuisogeza kamba ya wima, kwa sababu milimita moja kwa kila ngazi inatosha kuikaba ngazi yote ikawa nyembamba kiunoni. Kila ngazi chache, simama uitazame kwa mbele. Weka tone la gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, na mikia ukate siku ya pili ikishakauka.

---

Upepo wa Joshi

Na matanga je? Wengine wanasema meli bila tanga haijakamilika.

---

Demani

Siwezi kukubaliana nao. Turubai la meli lina unene wa kama milimita moja. Kwa 1:64 hiyo ni chini ya sehemu mbili za mia za milimita, na hakuna kitambaa cha dukani kinachofika hapo. Matanga mengi ya kwenye seti yanaonekana kama mapazia na yanaficha kamba zote ulizozihangaikia. Ukitaka matanga, tumia karatasi nyembamba ya modeli iliyopakwa rangi hafifu, au yakunje juu ya foromali, na ukiyakunja punguza kitambaa zaidi ya nusu, la sivyo furushi litakuwa nene kuliko foromali yenyewe.

Ukiyaacha kabisa, zingatia jambo moja linalosahaulika: foromali za juu zilipandishwa kwa jarari wakati tanga linafunguliwa, na zilishushwa tanga likifungwa. Meli isiyo na matanga foromali zake za juu zikae chini. Modeli nyingi nzuri zinaonyesha foromali zimepandishwa hadi juu bila tanga hata moja, na mtu wa bahari analiona hilo mara moja.

---

Mshika Patasi

Nimechukua yote. La mwisho kutoka kwangu: ikimalizika, kasha la kioo ni lazima?

---

Mataruma (mtoa mada)

Ni lazima. Vumbi likishaingia kwenye ngazi za kamba halitoki, kila ukilisafisha unakata kitu. Ila kasha lisizibwe kabisa. Mbao nyingine, mwaloni hasa, na baadhi ya gundi na rangi hutoa mvuke wa asidi polepole kwa miaka. Kwenye kasha lililozibwa mvuke huo unakusanyika, na vipande vyenye risasi, kama mizinga na nanga za seti nyingi za zamani, vinaota unga mweupe na kuliwa kabisa. Toboa matundu madogo mawili upande wa chini na mawili juu upande wa pili ili hewa ipite, na uyazibe kwa kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi. Kitako cha kasha usikitengeneze kwa mwaloni. Liweke mbali na jua la dirishani, linapausha nyuzi na kufungua viungo vya sitaha.

Ukimaliza kuzirudia hizo mbao tatu, tuma picha ya omo iliyopigwa kwa mbele, usawa wa mstari wa maji, taa ikiwa pembeni. Mwanga wa pembeni unaonyesha kila kilima, na kabla hujaendelea chini tutajua kama mataruma yanataka msasa tena.